Jiko Lilelile, Nyumba Nyingine: Hewa ya Mkaa katika Nyumba za Nyanda za Juu Kusini



Baridi ya Juni na Julai ikibana huku Makete, Njombe na Mufindi, watu huingiza jiko la mkaa chumbani, na wapo wasioamka. Msibani utasikia wakilaumiwa kwa uzembe. Siafiki. Wamefanya walichokiona kwa wazazi wao, na wazazi wao walikuwa wakiamka. Jiko ni lilelile. Kilichobadilika ni nyumba.

Nyumba ya nyasi ilipitisha hewa usiku kucha, kwenye ezeko na kwenye nyufa za ukuta. Siisifu, maana moshi wake uliharibu macho na vifua vya kina mama wengi. Lakini hewa ilizunguka. Leo tunaezeka bati, tunapiga dari ya jipsamu, tunaweka madirisha ya aluminiamu yasiyoacha upenyo, kisha kitambaa kinasokomezwa chini ya mlango ili baridi isiingie. Hata yale matundu ya hewa yaliyokuwa juu ya dirisha, yenye wavu wa mbu, mwenye nyumba anamwambia fundi ayazibe. Fundi anayaziba.

Sasa mtazameni mama anavyolitayarisha jiko. Analiwasha uani, analipepea, anasubiri mkaa ukolee na moshi ukatike, ndipo analiingiza ndani. Kwake hiyo ni tahadhari, na kwa upande wa moshi ameweza. Lakini kaboni monoksaidi si moshi. Haina rangi wala harufu, na hutokea mkaa unapoungua bila oksijeni ya kutosha. Mkaa mwekundu usio na moshi huitoa kwa wingi, na uliofunikwa na majivu ukadhaniwa umezimika huendelea kuitoa. Kadiri hewa safi inavyopungua chumbani, ndivyo gesi hii inavyozidi.

Tangu karne ya 19, Mfaransa Claude Bernard alikwisha kuonyesha inavyoua: inakalia nafasi ya oksijeni kwenye damu. Himoglobini huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Kwa mjamzito hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu damu ya mtoto aliye tumboni huishika kwa nguvu kuliko ya mama.

Kwa wahudumu wa afya, shida ni kwamba dalili zake hufanana na za maradhi mengine: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea. Ni rahisi kuwaza malaria au mafua. Basi ulizeni: nani mwingine nyumbani ameamka hivi? Akitoka nje anapata nafuu? Jiko lililala wapi? Msikitegemee kipima oksijeni cha kidoleni, kwani cha kawaida hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba sumu hii. Kinaweza kusoma 98 kwa mtu anayekufa. Mtoeni nje haraka, fungueni milango, na anayeingia kuokoa asikae humo. Maziwa hayasaidii, maana sumu haiko tumboni. Kinachotakiwa ni oksijeni, hivyo rufaa isicheleweshwe: kwa hewa ya kawaida nusu ya sumu huchukua kama saa 4 hadi 6 kutoka kwenye damu, lakini kwa oksijeni kamili ni kama saa moja au moja na nusu. Aliyepona afuatiliwe kwa wiki kadhaa, kwani kusahau na kuchanganyikiwa huweza kujitokeza baadaye.

Ndugu mafundi, msimwambie mteja kwamba dirisha likiachwa wazi kidogo inatosha. Haitoshi. Jiko la mkaa halilali chumbani, basi. Anayetaka moto ndani ya nyumba ajengewe dohani, na bomba lake litoke hadi juu ya paa. Bomba linaloishia juu ya dari linarudisha sumu vyumbani. Kabla ya kila msimu wa baridi likaguliwe masizi, kutu na viota vya ndege. Marekani na Kanada, ambako nyumba nyingi hupashwa joto kwa tanuri la gesi, bomba la kutolea hewa chafu likizibwa na theluji watu hufa vilevile. Ndiyo maana huko familia huhimizwa kuweka king'ora cha gesi hii karibu na vyumba vya kulala. Anayekipata huku akinunue, ila hakichukui nafasi ya dohani.

Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Ninauunga mkono kwa moyo wote. Lakini unahusu kupikia, na huku kwetu ugali ukishaiva jiko linabaki na kazi ya pili: kuota moto. Mtungi wa gesi hauifanyi kazi hiyo. Familia itapikia gesi saa moja jioni, na saa tatu itawasha mkaa.

Kwa hiyo napendekeza halmashauri zetu zihesabu joto la nyumba kama hitaji linalojitegemea. Ramani za nyumba za gharama nafuu ziwe na sebule moja yenye dohani, ambamo watu wataota moto kabla ya kwenda kulala na mablanketi ya kutosha na chupa ya maji ya moto. Na dohani hiyo iandikwe kwenye makadirio ya fundi tangu siku ya msingi, pamoja na saruji na nondo, kwa sababu nyumba ikishapigwa dari hakuna mwenye nyumba atakayekubali itobolewe.