Ukiwa na diploma mkononi na kazi bado

Leo naongea nawe uliye mwaka wa mwisho chuo kikuu, na nawe uliyekwisha kumaliza ukarudi nyumbani Minago na diploma ndani ya bahasha.

Kila mtu anakuambia, "Uwe na matumaini." Sawa, lakini matumaini ni nini? Mwanasaikolojia wa Marekani, Charles Snyder, alilichunguza jambo hili miaka ya 1990. Alisema yana sehemu mbili: nguvu ya kuanza na kuendelea, na uwezo wa kuona njia zaidi ya moja. Njia hii ikifungwa, unashika ile. Anayekaa akisema "siku moja nitaitwa Bujumbura" ana hamu tu. Njia bado hana.

Watazame wavuvi wetu. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haivuti samaki, na mitumbwi hulala ufukweni siku kadhaa. Mvuvi hushona nyavu, akisubiri giza lirudi. Nakubali, mfano huu una kasoro: mwezi una kalenda yake, ajira haina. Kazi ni chache, na kukosa kazi si uvivu wako.

Hata hivyo, nyavu zako zishone. Albert Bandura aliandika mwaka 1977 kwamba mtu hujiamini zaidi kwa lile ambalo amekwisha kulifanya kwa mikono yake. Kusifiwa peke yake hakufiki hapo. Umesoma uchumi? Mwombe mama anayeuza mawese akuruhusu uandike hesabu zake za mwezi mmoja: bidoni ngapi, nauli kiasi gani, faida imebaki wapi. Siku ukiulizwa "una uzoefu gani?" utakuwa na la kujibu, na mama naye atajua pesa zake zinakoishia.

Wewe uliyekulia Tanzania ukasoma kwa Kiingereza, kisha ukarudi ukakutana na Kifaransa, usilifiche hilo kama aibu. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na kandokando ya ziwa letu wako pia Watanzania na Wakongo. Kirundi, Kiswahili, Kiingereza: ziandike juu kabisa kwenye wasifu wako.

Wazazi, swali la "umepata kazi?" kila jioni linachoma. Ulizeni, "leo umejaribu wapi?" Na kijana akikosa usingizi, akaacha kula, akajitenga na wenzake kwa majuma mawili, hapo maneno ya kutia moyo hayatoshi. Mpelekeni kituo cha afya.

Usiku huu chukua karatasi. Andika lengo moja, na chini yake njia tatu. Kando ya kila njia weka mtu wa kumwona na siku ya kumwona. Ya kwanza isipite Ijumaa.