Kilichouzwa Kilikuwa Hisa



Kila yanapotajwa makampuni ya intaneti yaliyokufa nchini Marekani baina ya mwaka 2000 na 2002, husikika kicheko. Wanachekwa waliodhani kwamba gunia la chakula cha mbwa litauzwa kwa faida kwa njia ya posta. Anachekwa aliyeahidi kumpelekea mkazi wa New York kopo la aiskrimu mlangoni kwake, ndani ya saa moja, bila kumtoza hata senti ya usafiri. Kicheko hicho ni rahisi mno, na kina ubaya wake. Kinaifanya hasara ya mabilioni ya dola ionekane kuwa ni upumbavu wa vijana wachache, na kuuacha utaratibu uliowazaa vijana hao uende zake bila kuulizwa neno. Swali linalopaswa kuulizwa ni moja: makampuni hayo yalikuwa yakiuza nini hasa?

Tarehe 9 Agosti 1995 kampuni ya Netscape, iliyokuwa na umri wa miezi kumi na sita na haijapata faida yoyote, ilianza kuuza hisa zake kwa umma kwa dola 28 kila moja. Jioni ya siku hiyo hisa hiyo ilikuwa na thamani ya dola 58.25. Tangu hapo kila mwenye kutafuta utajiri huko California alijua kwamba hana haja ya kungoja faida. Anachongoja ni siku ya kuuza hisa. Mabenki yaliyoendesha mauzo hayo yalijikatia kwa kawaida asilimia 7 ya fedha zilizopatikana. Hisa zilizotolewa sokoni zilikuwa sehemu ndogo tu ya hisa zote, na penye uhaba bei hupanda. Ndiyo maana Novemba 1998 hisa ya kampuni ya theGlobe.com iliyouzwa kwa dola 9 iliimaliza siku yake ya kwanza ikiwa dola 63.50. Na ni nani aliyewashauri wananchi wanunue? Ni wachambuzi walioajiriwa na mabenki hayo hayo! Mwaka 2003 mabenki kumi ya Marekani yalikubali kulipa jumla ya dola zipatazo bilioni 1.4 ili kumaliza mashtaka kwamba ushauri huo ulipindwa kwa ajili ya kuvuta wateja. Kwa wakati huo fedha za watu zilikwisha potea.

Kwa hiyo kila kampuni ilikuwa na wateja wawili. Wa kwanza alitaka mchele, kitabu au kiatu. Wa pili alitaka hisa. Huyu wa pili ndiye aliyelipa zaidi, na kwa hiyo ndiye aliyetiiwa. Naye hakuuliza habari za faida. Aliuliza kampuni imekuwa kubwa kiasi gani, na itaingia miji mingapi kabla ya mpinzani wake.

Mfano ulio wazi kupita yote ni wa Webvan, iliyoanzishwa na Bwana Louis Borders, ambaye hapo awali alikuwa amejenga maduka ya vitabu yenye jina la ukoo wake. Wazo lenyewe halikuwa baya: mtu aagize vyakula kwa kompyuta, gari lije nyumbani saa aliyoichagua. Mwezi Juni 1999 Webvan ilianza kuwahudumia wakazi wa San Francisco na vitongoji vyake kutoka ghala moja kubwa la mitambo lililoko Oakland. Mtu mwenye busara angalikaa na ghala hilo mwaka mmiliki au miwili, akahesabu kila safari ya gari imegharimu nini na imeleta nini, kwa sababu biashara ya vyakula huacha senti chache tu katika kila dola. Webvan haikungoja. Julai ya mwaka huo huo ilitia sahihi mkataba na Bechtel, kampuni iliyozoea kujenga viwanja vya ndege na mitambo ya umeme, ijengewe maghala 26 kwa gharama ya dola bilioni moja. Ghala la kwanza lilikuwa na umri wa wiki chache!

Haraka hiyo haikutoka jikoni kwa akina mama wa Oakland. Ilitoka sokoni, ambako Novemba 1999 Webvan ilikusanya dola milioni 375 kwa kuuza hisa. Fedha zikaenda kwenye saruji na chuma. Mwaka 2000 ikaimeza HomeGrocer, mpinzani wake ambaye naye alikuwa akipata hasara, kana kwamba hasara mbili zikiunganishwa huzaa faida. Julai 2001 milango ikafungwa na wafanyakazi wapatao 2,000 wakarudishwa nyumbani. Mkurugenzi wake mkuu, Bwana George Shaheen, alikuwa amekwisha jiuzulu mwezi Aprili akiwa na ahadi ya dola 375,000 kila mwaka kwa maisha yake yote. Kampuni ilipofilisika naye akajikuta katika foleni ya wadai.

Pets.com, wauzaji wa vyakula vya mbwa na paka, hawakuhitaji hata maghala mengi ili wafe. Kati ya Februari na Septemba 1999 waliuza bidhaa za dola 619,000 na kutumia dola milioni 11.8 kwa matangazo. Februari 2000 wakauza hisa kwa dola 11. Novemba ya mwaka huo wakafunga. Mjini London, boo.com ilimaliza dola zipatazo milioni 135 na kuanguka Mei 2000, miezi sita baada ya kufungua duka la mavazi ambalo kurasa zake zilikuwa nzito kiasi kwamba simu za wateja wengi hazikuweza kuzivuta. Tena yafaa ikumbukwe kwamba sehemu kubwa ya matangazo hayo ilinunuliwa na kampuni moja ya intaneti kutoka kwa nyingine. Mapato ya huyu yalikuwa mtaji wa yule. Alipoanguka mmoja, mwenzake naye alipungukiwa.

Tarehe 10 Machi 2000 kipimo cha bei za hisa katika soko la Nasdaq kilifika 5,048. Siku kumi baadaye gazeti la Barron's lilichapisha hesabu ya makampuni 207 ya intaneti, likaonyesha kwamba 51 kati yao yangeishiwa fedha taslimu katika muda wa miezi kumi na miwili. Hakukuwa na siri yoyote katika hesabu hiyo. Ni ya kugawa fedha zilizobaki kwa matumizi ya mwezi, na mwanafunzi wa shule ya msingi angaliiweza. Kufikia Oktoba 2002 kipimo kilikuwa kimeshuka hadi 1,114. Mteja wa pili aliondoka, akabaki yule wa kwanza, ambaye tangu mwanzo hakuwahi kulipa bei inayotosha kuendesha kampuni.

Pengine itaulizwa: mbona Amazon haikufa? Nayo ilikuwa ikipata hasara kila mwaka. Jibu moja ni bahati ya kalenda. Februari 2000, mwezi mmoja tu kabla ya kilele, ilikopa euro milioni 690 kutoka Ulaya. Hisa yake iliyopita dola 100 Desemba 1999 ilianguka chini ya dola 6 mwaka 2001, lakini fedha za kuvukia zilikuwa mkononi. Kisha ikalazimika kumsikiliza mteja wa kwanza na kubana matumizi, na mzigo wa ubanaji huo uliwaangukia kwanza wafanyakazi 1,300 walioachishwa kazi Januari 2001. Faida yake ya kwanza, dola milioni 5, ilionekana katika robo ya mwisho ya mwaka huo.

Waliolipia karamu hii ni watu gani? Matajiri waliotoa mtaji wa mwanzo, wale waliowahi kuuza, waliondoka na chao. Mifuko ya pensheni ya walimu na watumishi wa serikali za majimbo ya Marekani, ambayo huweka akiba katika masoko ya hisa, ilipungukiwa. Mwenye dhiki kuliko wote alikuwa mfanyakazi wa kampuni yenyewe, aliyepewa haki ya kununua hisa kwa bei ya chini badala ya kuongezewa mshahara. Wapo waliozinunua zikiwa juu bila kuziuza. Sheria ya kodi ikawahesabia tofauti ya bei kuwa ni pato. Na siku ya kulipa ilipofika mwaka 2001, hisa zilikuwa karatasi tupu, kodi ikadaiwa kamili kwa fedha ambazo hawakuzishika kamwe.

Ama wazo la kumpelekea mtu vyakula nyumbani, hilo halikufa na Webvan. Mwaka 2007 Amazon ililianza upya, ikiwatumia baadhi ya waliokuwa viongozi wa Webvan. Safari hii walianza na kitongoji kimoja cha Seattle, na haikuwa hadi 2013 ndipo walipovuka kwenda Los Angeles, mji wao wa pili.