DUA, BAHATI NA KUDURA YA MWENYEZI MUNGU
(Hotuba iliyosomwa Dzaleka katika mkutano wa kumbukumbu wa jumuiya yetu)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. 

Wazee wa jumuiya wamenitaka niseme machache juu ya suala linaloulizwa sana baina yetu: Je, kheri impatayo mtu katika maisha yake huletwa na dua, au ni bahati tu? Pengine mahali pengine suala hili ni la barazani, watu hulizungumza wakinywa kahawa. Hapa petu sivyo. Pahali hapa palikuwa gereza, na tangu mwaka 1994 pamekuwa kambi ya wakimbizi. Palitengwa kwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000, na leo tumo zaidi ya 50,000, kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia na kwingineko. Katika umati huo mmoja huitwa akasafiri kwenda nchi ya mbali, na jirani yake, ambaye ukuta wa nyumba zao ni mmoja, akabaki miaka kumi na tano. Basi mtu akiuliza kwa nini huyu na si yule, anauliza jambo linalomnyima usingizi.

Kwanza na tuyatazame maneno yenyewe. Neno bahati asili yake ni Kiajemi. Neno nasibu ni la Kiarabu, na maana yake ni fungu la mtu. Nalo fungu haliwi fungu ila awepo mwenye kugawa. Basi kila tusemapo "nasibu yangu", ulimi umekwisha kukiri kuwa yuko Mgawaji, hata kama moyo umeghafilika. Twawaita watoto wetu Bahati, na Nasibu, na Riziki, na Baraka. Hapana ubaya, maadamu twajua ni nani aliyetoa.

Katika suala hili watu wamepotea kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya wale waliomfanya bahati kuwa mungu. Waarabu wa zama za ujahili walikuwa mtu akitaka kusafiri hupiga ramli ya mishale: mmoja umeandikwa fanya, na mwingine usifanye. Katika Sura ya Al-Maida Mwenyezi Mungu aliiharamisha mishale hiyo pamoja na kamari, na Mtume wetu akatufundisha istikhara: rakaa mbili, kisha mja amwombe Mola wake amchagulie lenye kheri. Tazameni tofauti yake. Mwenye mishale aliuliza kijiti kisichosikia. Mwenye istikhara amwuliza Mwenye kujua, kisha huondoka akafanya kazi yake. Wala si kila kura ni haramu. Mtume mwenyewe alikuwa akitaka kusafiri hupiga kura baina ya wake zake, ili asimdhulumu hata mmoja. Kura ya namna hiyo ni ya kuondoa ugomvi, si ya kuchungulia ghaibu, wala si ya kula mali ya mtu bure.

Leo vijana wetu huzipeleka kwacha zao katika kamari ya mpira, wenyewe huita kubeti. Mwenye duka la kamari hategemei bahati hata kidogo: amekwisha kufanya hesabu ili jumla atakayolipa iwe chini ya jumla aliyopokea. Basi katika duka lile mwenye bahati hajulikani, lakini mwenye faida ajulikana tangu asubuhi.

Njia ya pili ni ya wale walioifanya dua kuwa biashara. Husema: mimi nasali tahajudi, nafunga Jumatatu na Alhamisi, basi nastahili kupewa. Wakipewa hujivuna, wasipopewa hununa. Alinijia mama mmoja akaniambia, "Sheikh wetu, wenzangu niliofika nao wamekwenda wote. Mimi nasali kuliko wao. Je, dua zangu hazisikiki?" Ndugu zangu, swali hili si la mama yule peke yake, na yafaa lijibiwe mbele ya watu.

Jueni kwanza kuwa kuhamishiwa nchi ya tatu si kura inayopigwa. Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa hutazama hatari iliyomkabili mtu, maradhi yake, mateso aliyoyapata, hali ya wanawake na watoto wasio na mlinzi, na jamaa waliotenganishwa. Kisha nchi inayopokea ndiyo yenye kukata shauri. Nafasi ni chache mno: katika dunia nzima, wanaopata kwa mwaka hawafiki mkimbizi mmoja katika kila mia. Tena mlango huo hufungwa na wanadamu watakapo. Mwezi wa Januari 2025 Marekani ilisimamisha kupokea wakimbizi, na watu waliokwisha kupangiwa ndege wakabaki walipo. Je, tuseme kuwa waliosafiri mwaka 2024 dua zao zilikuwa na nguvu, na waliozuiwa mwezi ule dua zao zilikuwa dhaifu? Na kimbunga Freddy, kilichoua watu zaidi ya 600 katika kusini ya Malawi mwezi wa Machi 2023, je, katika hao hamkuwamo wenye kusujudu? Hasemi hivyo mwenye akili, wala mwenye imani.

Ukweli ni huu: dua ni ibada, si sarafu. Mtume ametufundisha kuwa Mwislamu aombapo lisilo dhambi wala la kukata undugu, hapotezi. Ama hupewa alichoomba, ama huwekewa akiba ya Akhera, ama huondolewa shari iliyo mfano wake. Basi mama yule hakuna dua yake iliyoanguka chini. Kubaki kwake si dalili ya kuchukiwa, kama vile kwenda kwa jirani yake si dalili ya kupendwa. Qaruni alipewa mali akadai ameipata kwa ilimu yake, na ardhi ikammeza. Nabii Ayubu alitwaliwa kila kitu, naye ni mpenzi wa Mungu.

Wako watakaosema: kama yote yameandikwa, kazi ya nini? Wahenga wamesema, "Jitihada haiondoi kudura." Wavivu wameigeuza methali hii kuwa mto wa kulalia. Haikusema tusifanye jitihada. Imetukataza kujivuna kwa jitihada. Sayyidna Umar alipokuwa akienda Sham alipata habari ya tauni iliyoingia huko, akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kuwa anaitoka kadari ya Mungu na kuiendea kadari ya Mungu. Maana yake, sababu nazo ni za Mungu. Mwenye kuzitumia hakutoka katika ufalme Wake. Na yule bedui aliyeuliza habari ya ngamia wake aliambiwa na Mtume amfunge, kisha atawakali.

Basi na sisi tufunge ngamia wetu. Mtoto akizaliwa, aandikishwe. Ukiitwa kwa mahojiano, fika kwa wakati na useme kweli, kwani uwongo hauna baraka. Watoto waende shule na madrasa, wajifunze kushona, kujenga na kulima, maana kazi ya mikono humfaa mtu akienda na humfaa akibaki. Na akikujia mtu kukuuzia dawa ya kufungua bahati, au kukuambia kuwa kwa fedha atalipeleka jina lako mbele, mfukuze. Huduma ya Shirika ni bure, na mlango wa Mungu hauna bawabu wa kuhongwa.

La mwisho ni haki ya jirani. Tusimwambie aliyebaki kuwa hana bahati, wala kuwa imani yake ina kasoro. Neno hilo ni zito kuliko njaa. Tumzuru, tumwombee, tule naye. Huenda dua aliyoiomba miaka mingi Mwenyezi Mungu ameijibu kwa kukuleta wewe mlangoni pake na sahani ya chakula.

Ewe Mola wetu, uwahifadhi waliosafiri, uwape subira waliobaki, uwarehemu waliotangulia, na utujaalie kuridhika na fungu ulilotugawia. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.