Juu ya Kuwalea Wakuu wa Chekechea
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa jioni, Mombasa)



Halmashauri imetuomba tuseme nanyi juu ya jambo ambalo pengine mtashangaa kulisikia katika chama cha makarani, yaani malezi ya wale watakaokuwa wakuu wa shule za chekechea. Twaomba mtuvumilie. Wengi wetu humu twawapeleka watoto wetu huko kila asubuhi, twawaacha mlangoni, twaenda zetu ofisini, wala hatuulizi ni nani aiongozaye nyumba ile, wala ni nani atakayeiongoza yeye atakapoondoka.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Katika kituo kimoja tulikofanya kazi zamani palikuwa na chekechea ya watu wa mtaa, na mkuu wake alikuwa mama hodari sana. Mtoto akilia, alitambua kwa kilio chake kama ni njaa, au homa, au ni kumkumbuka mamaye tu. Walakini hesabu zilimtisha. Basi sisi makarani tukajitolea; mwenzetu mmoja akawa anakwenda kila mwisho wa mwezi kumwandikia ada zilizoingia, unga na sukari vilivyonunuliwa, na mishahara ya walimu wasaidizi wawili. Tulijisifu sana kwa wema ule. Kisha mwenzetu akapata uhamisho. Miezi mitatu daftari halikuguswa. Wazazi waliokwisha kulipa wakadaiwa tena, wasiolipa wakanyamaza, na msaidizi mmoja akaacha kazi kwa kukosa mshahara. Halafu yule mama akaugua. Na siku alipolala kitandani hapakuwa na mtu aliyejua ufunguo wa sanduku uko wapi, wala ni nani aliyeruhusiwa kumchukua mtoto yupi jioni. Mlango ukafungwa, wala haukufunguliwa tena. Twakiri mbele yenu ya kuwa kazi ile tulimfanyia miaka miwili, na hata siku moja hatukumfundisha.

Watu husema mkuu wa chekechea ahitaji upole tu. Upole ni lazima, lakini tazameni kazi yenyewe. Yampasa kuandika mahudhurio, kuangalia maji na chakula na usafi wa mpishi, kusimama mbele ya kamati ya wazazi na kueleza kila shilingi. Tena amtazame mwalimu mgeni akifundisha, na baadaye amwonyeshe kosa lake pasipo kumwaibisha. Hili la mwisho ndilo gumu kupita yote. Hata maofisini wako wakuu wa miaka ishirini wasioliweza, hatutaji ofisi.

Wala si jambo jipya katika nchi yetu. Mwaka 1984 Serikali ya Kenya iliweka kituo cha taifa cha elimu ya watoto wadogo, na mwaka 1985 vikaanza vituo vya wilaya. Walimu waliokuwa kazini walijifunza kwa miaka miwili: wakati wa likizo walikusanyika kusoma, na muhula ulipoanza walirudi kwa watoto, na wakufunzi wakawafuata huko huko. Kisha mwaka 1986, hapa hapa Mombasa, ikaanza kazi ya chekechea za madrasa kwa msaada wa Aga Khan Foundation, baada ya Waislamu wa Pwani kuomba msaada wa elimu kwa watoto wao. Bi Swafiya Said, mwalimu, ndiye aliyeianzisha. Kazi ile ikavuka kwenda Unguja mwaka 1990, na Uganda mwaka 1993. Walimu walichaguliwa katika wanawake wa mahali pale pale, wakazoezwa darasani. Na kamati za wenyeji nazo zikafundishwa kuendesha shule na kutunza fedha. Tulipendalo sisi ni hili: wakufunzi walikuja wakijua ya kuwa siku moja wataondoka.

Katiba ya mwaka 2010 imezikabidhi kaunti elimu ya chekechea na nyumba za malezi ya watoto. Madarasa yamejengwa, na walimu wameajiriwa. Lakini darasa hufunguliwa kwa mkasi na utepe siku moja. Mkuu hapatikani hivyo. Twaonelea kila mkuu amchague msaidizi mmoja, ampe kazi moja kila muhula: kwanza mahudhurio, kisha ghala, kisha fedha, naye mkuu akikagua. Aketi katika kamati na kusikia maneno makali ya wazazi. Halafu mkuu apumzike juma zima, akiwa bado yu mjini, ili makosa yaonekane angali karibu kuyatengeneza.

Mtu atatuuliza, “Akiisha kufundishwa, si atakwenda kutafuta mshahara mkubwa?” Huenda akaenda. Asiyefundishwa naye huenda, tena huenda na ufunguo. Na hapa lazima tuseme wazi: msaidizi alipwaye kidogo, tena baada ya miezi miwili, hatashikwa na mafunzo yo yote. Sisi tulio wazazi twachelewesha ada, kisha twalalamika ya kuwa walimu hawadumu.

Ombi letu, Bwana Mwenyekiti, ni dogo. Twataka wanachama wawili watakaotoa Jumamosi mbili za kila mwezi, waende katika chekechea tatu za mtaa huu, waketi pamoja na mkuu na msaidizi wake. Sharti ni moja: mwanachama asishike kalamu. Mfuko wa Chama ununue madaftari matatu ya hesabu. Karatasi ya majina iko mezani kwa Bwana Katibu, na jina la kwanza limekwisha kuandikwa, maana tuna deni la zamani.