Mwanahisabati na Ubao wa Shule ya Kata

Profesa Verdiana Masanja, mwanamke wa kwanza Mtanzania kupata shahada ya uzamivu katika hisabati, hakuishia kwenye utafiti. Alijitolea pia kuwainua wasichana katika hisabati na sayansi. Wapo watakaosema kazi hiyo humnyima mtafiti muda. Lakini chuo kikuu hupokea walioipenda hesabu. Walioichukia waliachwa njiani zamani, hivyo mtafiti awafuate wakiwa bado shuleni. Wengine watauliza: mahali kama Tumbi, Kibaha, penye Shirika la Elimu Kibaha na shule ya vipaji maalumu, pana upungufu gani? Tazama shule za kata jirani. Huko, mwanahisabati akikosea alama ya kutoa ubaoni, akaifuta na kuanza upya mbele ya wanafunzi, huwaondolea woga. Saa anazotumia huko zihesabiwe anapopandishwa cheo chuoni.