Asidi ya Maziwa Lala na Ngozi Yako

Ukilaza maziwa kwenye kibuyu, bakteria hugeuza sukari yake kuwa asidi laktiki. Ndiyo ule uchachu wa mala. Carl Wilhelm Scheele wa Uswidi aliitenga mwaka wa 1780 kutoka kwa maziwa yaliyochacha. Siku hizi viwanda huitengeneza zaidi kwa kuchachusha sukari ya mahindi au miwa.

Hutiwa kwenye krimu na losheni kwa sababu hulegeza ngozi iliyokufa ikatoka, tena huvuta maji ngozi isikauke. Visigino na viwiko vyenye magamba hupata nafuu kweli. Na mala yenyewe je, nijipake? La, mama, hiyo inywe.

Asidi hii si kali sana, lakini ni asidi. Soma kibandiko: ya kujipaka nyumbani isizidi asilimia 10. Ijaribu kwanza mkononi, kisha uitumie usiku, mara mbili kwa wiki. Mchana jikinge na jua, maana ngozi huungua upesi. Usiipake kwenye kidonda, wala usimpake mtoto mchanga.

Haichubui. Kijikopo kisichoandikwa kilichomo, kinachoahidi weupe kwa wiki moja, kiache dukani. Huenda kina zebaki, ambayo hudhuru figo, na mtoto unayembeba huipata kutoka kwa ngozi yako.

Krimu ikikuchoma, osha kwa maji mengi. Maumivu yasipopungua, nenda zahanati na uibebe hiyo krimu waione.