Je, Kulipia Televisheni Nyumbani Kungali na Faida?

Mazungumzo yaliyotayarishwa kusomwa katika mikutano ya Vyama vya Msingi



Fedha ya kahawa huingia kwa msimu, lakini ada ya televisheni hutoka kila mwezi. Katika tofauti hiyo ndimo ulimo mzizi wa mazungumzo ya leo. Mkulima aliyekwisha kuuza mavuno yake huilipa ada hiyo bila kuhisi uzito wowote. Miezi mitano baadaye, kahawa ikiwa ingali maua, ada ni ile ile, nayo hutafutwa kwenye fedha ya mbolea, ya mchango wa shule au ya mkopo. Hivyo yafaa kila nyumba ijiulize: je, kinachonunuliwa kingali na thamani ya kile kinachotolewa?

Hapo zamani swali hili halikuwapo. Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973, na Tanzania Bara ikaanza kuipata mwaka 1994. Miaka hiyo mtu alinunua seti, akasimamisha antena juu ya mlingoti, akatazama vituo vya nchini bila ada ya mwezi. Mitambo ya zamani ya analojia ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na mikoa mingine ikafuata. Tangu hapo king'amuzi kikawa kitu cha lazima, na wengi wakazoea kudhani kuwa kuwa na televisheni na kulipia televisheni ni jambo moja.

La hasha, ni mambo mawili. Seti ni mali ya mwenye nyumba; kifurushi ni ruhusa ya kutazama kwa siku zilizohesabiwa. Siku hizo huendelea kupungua hata umeme ukikatika, hata wenye nyumba wakiwa wamesafiri kwenda msibani. Aidha, hata kilichomo ndani ya kifurushi si mali ya mlipaji. Mwaka 2018 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliziagiza kampuni kadhaa za televisheni ya satelaiti kuondoa vituo vya nchini visivyo vya kulipia katika vifurushi vyao, kwa kuwa leseni zao hazikuruhusu. Watu waliokuwa wamelipa walijikuta hawavioni vituo walivyovizoea. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mwanachama aulize kwanza ni vituo gani vinavyopatikana bure mahali anapoishi, na kwa king'amuzi cha aina gani. Huenda taarifa ya habari anayoilipia inapatikana bila malipo.

Sababu kubwa inayowafanya wengi walipe ni mpira wa miguu, wala si jambo la kuficha. Mwaka 2021 haki ya kuonyesha Ligi Kuu Tanzania Bara iliuzwa kwa Azam Media kwa miaka 10, kwa thamani ya shilingi bilioni 225.6. Fedha hizo zimezisaidia klabu, na hakuna haja ya kuzilaumu. Lakini mpenzi wa Simba au wa Yanga atambue kwamba gharama hiyo hurudishwa kwa ada za watazamaji, yeye akiwa mmojawapo.

Sasa tuingie katika hesabu, kwani wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kwa mfano tu, tuseme kifurushi ni Sh. 25,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni Sh. 300,000. Tuseme pia mkulima amelipwa Sh. 5,000 kwa kilo moja ya kahawa. Ada hiyo ya mwaka ni sawa na kilo 60, yaani uzito wa gunia zima la kahawa safi kama linavyopakiwa kwenda ng'ambo. Kila mwanachama aweke bei zake mwenyewe katika mfano huu, kisha ajiulize kama angekubali kubeba mzigo wa namna hiyo kila mwaka na kuukabidhi bila stakabadhi.

Hata hivyo, hesabu haiishi kwa kujua kilichotoka. Hapana budi kujua pia kilichoingia. Njia iliyo rahisi ni kuweka daftari kwa mwezi mmoja, lenye safu tatu: siku, kipindi kilichotazamwa, na idadi ya waliotazama. Daftari hilo liandikwe na mtoto wa shule, si na mpenzi wa mpira, ili liwe la haki. Tuseme mwisho wa mwezi limeonyesha kwamba vipindi vya kulipia vilivyotazamwa kweli ni michezo 9 ya mpira. Ikiwa mtazamaji ni baba peke yake, kila mchezo umemgharimu karibu Sh. 2,780. Ikiwa walitazama watu wanne, gharama ni kama Sh. 694 kwa kila mtu kwa mchezo mmoja. Kifurushi ni kile kile, lakini thamani yake si ile ile.

Wako watakaosema kwamba ni heri kwenda kwenye kibanda umiza. Tuseme kiingilio ni Sh. 500. Watu wanne kwa michezo 9 watatoa Sh. 18,000, pungufu kwa Sh. 7,000 kuliko kifurushi. Lakini hesabu hiyo haijataja kinywaji kinachonunuliwa kando ya kibanda, wala kurudi nyumbani usiku kwa miguu. Tena mama wa nyumba na binti zake kwa kawaida hawaendi huko, wala mzee asiyeweza kutembea. Mahali ambapo ada ya mwezi humweka baba nyumbani na jamaa yake, nayo ikampa mgonjwa kitu cha kumfariji, hakuna anayepaswa kuiita upotevu. Upotevu ni kulipa kwa mazoea, seti ikiwa imezimwa au ikinguruma bila mtu wa kuitazama.

Kuna mianya mingine ya kuzibwa. Kwanza, ligi huwa na mapumziko. Kwa kawaida Ligi Kuu huanza karibu na Agosti na kumalizika Mei au Juni, na ligi kubwa za Ulaya hufuata kalenda inayokaribiana na hiyo. Anayelipa kwa ajili ya mpira katikati ya mapumziko analipia uwanja mtupu. Pili, baadhi ya kampuni huuza vifurushi vya siku au vya wiki, ambavyo humfaa mtu mwenye haja ya mchezo mmoja tu. Tatu, vijana wengi siku hizi hutazama kwa simu, na bando hununuliwa kidogo kidogo bila kuandikwa. Nyumba yenye king'amuzi sebuleni na mabando mifukoni inalipia burudani mara mbili. Ama umeme, huo si mzigo mkubwa: televisheni ya wati 50 ikiwashwa saa 5 kwa siku hutumia robo ya yuniti, au yuniti 7.5 kwa siku 30.

Jambo moja halina mjadala. Ada ya televisheni isilipwe kwa fedha ya mkopo. Mkopo wa Chama cha Akiba na Mikopo hutolewa ili uzae. Mbolea iliyokopewa huonekana katika tawi la mbuni, lakini kifurushi kilichokopewa huisha baada ya mwezi, na riba hubaki.

Je, mwanachama akiacha kulipia atabaki gizani? Historia ya nchi hii inajibu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliendeshwa kwa redio, na watu wapatao milioni 2 walishiriki katika vikundi. Walisikiliza pamoja, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Nguvu ya elimu ile ilitokana na majadiliano na kazi iliyofuata, si na wingi wa vituo. Chama cha Msingi chenye ukumbi chaweza kufufua desturi hiyo kwa redio au kwa vituo vya bure. Lakini Kamati itakayotaka kuonyesha vipindi vya kulipia mbele ya hadhara izingatie kwamba kifurushi cha nyumbani si ruhusa ya kuonyesha umma, na ipate kibali kwanza.

Ndugu wanachama, Chama hakina mamlaka juu ya sebule ya mtu. Uamuzi ni wa nyumba yenyewe. Lakini neno "nyumba" lisiwe na maana ya mtu mmoja. Aliyepalilia na aliyechuma wana haki ya kusema gunia lao liende wapi. Yafaa baba, mama na watoto wakubwa wakae pamoja mara fedha ya msimu inapopokelewa, daftari likiwa mezani, na kuchagua moja kati ya mambo matatu: kulipa mwaka mzima, kulipa miezi iliyochaguliwa, au kuacha.

Kwa nyumba nyingi zinazotegemea mapato ya msimu, njia ya pili ndiyo yenye busara. Katika mfano uliotolewa, nyumba itakayolipia miezi 6 badala ya 12 itaokoa Sh. 150,000. Lakini fedha isiyopewa kazi hutoweka. Basi itajwe siku hiyo hiyo kwamba ni ya miche mipya, au ya sare za shule, au ya hisa, na iwekwe akiba kabla jua halijatua. Hapo ndipo mwanachama atakapoweza kutazama mchezo wake kwa amani, akijua kwamba ameulipia kwa hiari na kwamba shamba halikudhulumiwa.